Gramu Thelathini za Unga wa Mgonjwa

Mtaalamu wa lishe alimpima mume wangu uzito, akamwambia ashuke, akampima tena. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama nyumbani kuna mtu mwingine anayekunywa ule unga wa protini. Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Nilimjibu kwamba kwangu hakuna mwizi, na kama anadhani nauza unga wa mgonjwa aje dukani Gongoni ajionee mwenyewe ninachouza. Mume wangu aliniminya mkono. Mtaalamu hakukasirika, alituambia tu turudi baada ya miezi minne.

Ninachouza ni asali. Nanunua kwa warina asali wanaotoka misitu ya kuelekea Urambo, nachuja, najaza kwenye chupa. Mume wangu ni fundi cherehani, na kabla ya kuugua kibaraza chake kilikuwa hatua chache tu kutoka dukani kwangu, kiasi kwamba kutwa nzima nilisikia sauti yake akibishana na wateja kuhusu mpira. Homa ya matumbo ilipompata aliichukulia kuwa ni malaria, akawa anameza dawa za kujinunulia mpaka utumbo ukatoboka. Hospitali walimwokoa, na kwa hilo nitawashukuru maisha yangu yote. Lakini ili utumbo upate kupona waliutoa nje kwa muda kupitia tundu dogo ubavuni mwa tumbo, na juu ya tundu wakabandika mfuko. Haja yake kubwa ikawa inaingia humo.

Walituambia ni jambo la muda. Akipata nguvu watampasua tena, wataurudisha utumbo mahali pake, na mfuko tutautupa. Daktari wa upasuaji, mtu wa maneno machache, alisema hatamgusa mpaka afike kilo hamsini na tano, maana mshono hauwezi kushika kwenye mwili uliokwisha. Mume wangu alilielewa hilo kuliko sisi wote, kwa kuwa kitambaa kilichochakaa amekishona miaka mingi na anajua kinavyoachia uzi. Alikuwa na kilo arobaini na nane, mtu ambaye zamani suruali zake zilikuwa pana hata kwenye kamba nilizianika kwa kuzikunja mara mbili.

Kilichoniuma zaidi haukuwa mfuko wenyewe. Mfuko nilizoea kuubadilisha, nikawa naubadilisha huku nikipiga soga. Kilichoniuma ni kwamba aliacha watu. Msikitini hakwenda tena, ingawa aliambiwa wazi kwamba mgonjwa ana ruhusa zake. Kibarazani hakwenda, kwa hofu ya harufu na kwa hofu ya mfuko kuvuja mbele ya mteja. Rafiki zake wakija kumjulia hali alijifunika shuka na kujifanya amelala, nami nikabaki kuwaongopea mlangoni. Nilitaka mume wangu arudi kati ya watu. Mwaka ule sikumwomba Mungu kitu kingine.

Ule unga ulikuwa msaada wa dada yake aliye Dar es Salaam. Alitutumia makopo kwa treni. Mtaalamu wa lishe aliposoma maandishi ya kopo alifurahi, akatupangia: mayai, maharage, samaki na maziwa kama kawaida, na juu yake unga huu, gramu thelathini, asubuhi, mchana na jioni, ndani ya uji au maziwa. Akatoa kijiko cha plastiki kilichokuwa humo kwenye kopo, akakijaza, akafuta juu kwa kisu. "Kikiwa hivi ni gramu thelathini," alisema. "Msirundike. Mkizidisha, tumbo litamsumbua." Mama mkwe wangu alikuwepo, naye akatikisa kichwa kukubali kila neno.

Mama mkwe tunaishi naye, nyumbani kwetu Cheyo. Ni mama wa mji hasa, wa zile koo zilizokuwepo Tabora tangu misafara ilipokuwa inapita kwenda Ujiji, na hakuachi usahau. Mimi nikienda dukani yeye ndiye anayebaki na mwanawe, na uji wa mgonjwa ulikuwa mamlaka yake. Sikuwa na neno. Uji wake ni laini, hauna donge hata moja, na mgonjwa ambaye alikuwa anakataa mkono wangu alikuwa anaupokea wa mama yake.

Sasa, tulipotoka kliniki siku ile ya swali, tukiwa kwenye bajaji, nilikuwa nimevimba kwa hasira na sijui nimkasirikie nani. Wiki zote zile mume wangu alikuwa ameongeza nusu kilo tu. Chakula alikuwa anakula mbele yangu. Unga ulikuwa unaisha, kwa hiyo unakwenda mahali. Nilianza kumfikiria vibaya kila mtu. Nilimfikiria mama mkwe kwamba huenda anawakaribisha wageni wake kwa uji wenye unga. Nilimfikiria mume wangu mwenyewe kwamba huenda anaumwaga. Tulipofika nyumbani nilikuwa nimekata shauri: kesho sifungui duka mpaka nione uji huu unavyopikwa.

Asubuhi nikamkuta mama mkwe uani, ameketi kwenye kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo hujaenda?"

"Nimechelewa kidogo," nikamwambia, nikajifanya nafagia.

Nilimwona akifungua kopo. Akaumimina unga wa siku ile kwenye chekeche, lile lile la unga wa sembe, akaanza kuchekecha juu ya bakuli, taratibu, akigonga ukingo kwa kiganja. Unga ukawa unashuka kama vumbi. Alipomaliza, bakuli lilikuwa limefurika kilima cheupe, na unga uliokuwa umekaa chini kopo lile lilipokuwa linatikiswa na treni kutoka Dar mpaka Tabora sasa ulikuwa umesimama, umejaa hewa. Akachukua kijiko cha plastiki, akachota polepole asije akauminya, akafuta juu kwa kisu kama alivyoonyeshwa. Hakurundika hata chembe. Akatia kwenye uji.

Nilisimama na ufagio mkononi. Hakuna mwanamke wa huku anayepika uji kwa unga ambao haujachekechwa. Tunachekecha kwa sababu ya madonge, tunachekecha kwa sababu ya wadudu, na tunachekecha kwa sababu mama zetu wangetuona wachafu kama tusingefanya hivyo. Angekuwa mtu mwingine asiyempenda mgonjwa angechota moja kwa moja kwenye kopo na kumpa kipimo kamili.

Mimi nauza asali, kwa hiyo jambo hili lilinigonga kabla hata sijalipima. Kila siku nabishana na mtu anayetaka kilo na ananiletea chupa ya lita. Lita ya asali ina kilo moja na karibu nusu nzima juu yake. Nimeeleza hilo mpaka sauti imekauka. Kumbe ninachowaeleza wateja wangu kilikuwa kinatokea kwenye bakuli la mume wangu, kwa kinyume chake: kijiko kimejaa, lakini kilichojaa ni hewa.

Jirani yetu anaoka keki za harusi, na ana mzani mdogo wa betri, unaosoma gramu moja moja. Nilikwenda kuuazima bila hata kuvaa viatu. Nikarudi, nikauweka kwenye meza, nikaweka bakuli tupu juu yake, nikabonyeza kitufe ukarudi sifuri. Kisha nikachota kijiko kwenye ule unga uliochekechwa, nikafuta juu vizuri, nikamimina. Gramu ishirini na moja. Nikarudia, ishirini tu. Nikachota kwenye kopo jipya ambalo halijachekechwa: thelathini na moja. Nikaligonga kopo chini, nikachota tena huku nikikandamiza kama ninavyochota mimi nikiwa na haraka: thelathini na tano. Kijiko ni kile kile, kimefutwa kwa kisu kile kile.

Mama mkwe alikuwa ananitazama. Nilipaswa kutafuta maneno. Mimi sikutafuta, nilisema tu kama yalivyonijia.

"Mama, mwanao anapata theluthi mbili. Chekeche ndilo linalotumaliza."

Akaweka mwiko chini.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye ninayemmaliza mwanangu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Umekwenda mpaka kwa jirani kuleta mzani uniumbue nao." Akasimama. "Na kwa taarifa yako, mtu wa kupimiwa chakula ni mpagazi. Wapagazi wa misafara ndio waliokuwa wanapewa posho kwa kibaba, ili tajiri asipate hasara. Mgonjwa wa ndani anapewa kwa mkono wa mzazi. Ukimwekea mwanangu chakula kwenye mzani, unamwambia kwamba unamwonea choyo."

Akaenda chumbani. Nikasikia sanduku likivutwa kutoka uvunguni. Ana binti wa ndugu yake Urambo, na kila akiudhika huko ndiko anakotishia kwenda, ila safari hii nilisikia na nguo zikikunjwa. Nilibaki uani na hasira yangu, na aibu juu yake. Mara mbili nilielekea kwenye mlango wake na mara mbili nikarudi. Nilijua nikimwomba radhi kwa kusema chekeche halina neno, nitakuwa nimemuuza mume wangu. Hilo sikuwa tayari kulifanya hata kama angehamia Urambo moja kwa moja.

Aliyetutoa pale ni mgonjwa mwenyewe. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Akatoka taratibu, ameshikilia ukuta, mkono mwingine juu ya mfuko wake, mama yake naye akitoka chumbani na sanduku.

"Acheni jamani," akasema. "Mnagombana kwa ajili ya nini? Mimi nimeshachoka. Huu mfuko nitauzoea. Wako watu wanaishi nao mpaka wanakufa."

Sijui nieleze vipi jinsi maneno yale yalivyoniingia. Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayekubali bei. Nilimtazama mama mkwe, naye akanitazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu niolewe tuliogopa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akaweka sanduku chini.

"Nani kakwambia utauzoea?" akamuuliza mwanawe. "Nenda ukakae." Kisha akanigeukia mimi, bado amenuna. "Haya. Nionyeshe huo mzani wako. Lakini unga usiochekechwa mimi sipiki."

Nilikuwa na jibu la ukali mdomoni, nikalimeza, na lilipokuwa linashuka ndipo nilipoona kwamba hakuna haja ya kugombania chekeche kabisa. Nikapima gramu thelathini kutoka kwenye kopo, nikamwonyesha namba. Nikamwambia achekeche unga ule ule, wote, kurudi kwenye bakuli lile lile, na agonge chekeche mpaka lisibaki na kitu. Akachekecha. Unga ukavimba, ukapanda karibu na ukingo. Nikaliweka bakuli kwenye mzani.

Akainama, akasogeza macho. Namba ilikuwa ile ile, thelathini.

"Umekuwa mwingi," akasema.

"Kwa macho, mama."

"Na uzito ni ule ule." Akaligusa bakuli kwa kidole. Halafu akauliza, "Ni kama dumu la asali na dumu la maji?"

"Ndiyo. Dumu moja, mzigo tofauti."

Dumu za asali amenisaidia kubeba mara nyingi, na mgongo wake ulikuwa unalijua jambo lile. Hakuniambia nilikuwa na haki. Alichosema ni kwamba kijiko kile cha plastiki hakina adabu, akakitoa kwenye kopo na kukitupa kwenye kapu la vijiko vya watoto wa wageni. Kuanzia hapo unga ulipimwa kwanza kwenye mzani, ndipo ukachekechwa, na mambo yote mawili aliyafanya yeye. Mimi niliwekewa sharti moja, nisisimame nyuma yake.

Mzani wa jirani tuliurudisha, nikanunua wetu. Mama mkwe akawa mkali kuliko mtaalamu wa lishe. Siku moja betri iliisha nami nikiwa dukani. Mtu yeyote angekadiria kwa macho mpaka nirudi. Yeye alikataa. Aliniita kwa simu ya jirani, akaniambia nilete betri sasa hivi kwa sababu hapimi kwa kubahatisha. Nilizunguka Gongoni nzima kutafuta zile betri bapa za kama shilingi, nikazipata kwa fundi saa, nikapanda bodaboda. Nilipofika nilimkuta mume wangu amekaa mezani na bakuli la uji uliopoa, analalamika kwa sauti kubwa kwamba nyumba hii inamtesa kwa njaa. Sauti kubwa ile nilikuwa sijaisikia kwa miezi. Niliingia ndani nikajifanya natafuta kitambaa cha kichwa, nikalia.

Si kwamba mambo yalikwenda yakanyooka. Kuna wiki tumbo lilimvuruga na akapoteza alichokipata. Kuna siku alisema harufu ya unga ule inamtapisha, tukautia kwenye uji wa ulezi, tukautia kwenye maziwa ya mgando, na mara moja mama mkwe akautia kwenye mchuzi wa samaki, jambo ambalo namwomba Mungu lisirudiwe. Hatukubadilisha uzito. Nilikuwa naamka na namba ile kichwani na kulala nayo. Majirani walitucheka, wakatuita wauza dhahabu. Waliponiuliza kama leo dhahabu imepanda au imeshuka niliwajibu kwamba yetu inapanda tu, na waendelee na shughuli zao.

Nyumbani hatukumpima mwili. Mzani wa watu hatukuwa nao, na mama mkwe alisema mtu kupimwa kila mara ni kumtia wasiwasi. Tulitazama mashavu. Tulitazama mkanda, tundu lake lilivyokuwa linarudi nyuma. Lakini kila mmoja wetu alijua macho yalishatudanganya mara moja.

Siku ya kliniki ilipofika tulikwenda watatu. Mume wangu alivaa koti lake la Idi, ingawa jua lilikuwa kali. Nilimuuliza kama ana baridi, akasema anataka kuonekana mtu. Kwenye benchi alikuwa akilivuta koti lifunge vizuri. Daktari wa upasuaji alikuwepo siku ile, amesimama mlangoni na mtaalamu wa lishe, na sote tulijua kwamba ama atatupa tarehe ama ataturudisha nyumbani.

Alipoitwa apande mzani, mama mkwe alisimama kabla yangu.

"Vua koti," akamwambia.

"Mama, koti tu hili."

"Vua."

Akavua taratibu mno. Mama yake akalipokea, na mkono wake ukashuka kwa uzito. Akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa mkasi wa kazi, ule mkubwa wa chuma wa kukatia suti. Akatia mkono mfuko wa pili, akatoa mawe mawili yaliyofungwa kwenye kitambaa. Mtaalamu wa lishe aligeuka akatazama ukuta. Mimi nilitaka sakafu ipasuke. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, mwanamume mzima mwenye mvi, anatazama vidole vya miguu yake.

"Sitafika," akasema. "Najijua. Nilitaka wanikubali tu."

Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma. Mama yake hakumgombeza. Aliweka mkasi na mawe kwenye benchi, kimoja baada ya kingine, kama anapanga vyombo.

"Viatu pia," akasema. "Na mkanda. Sasa panda."

Akapanda. Alifumba macho. Namba za mzani zilichezacheza, zikatulia, na mtaalamu wa lishe akainama kuzisoma, kisha akamwita daktari aje azisome na yeye. Hamsini na tano na nukta tatu.

Mume wangu alifumbua macho, akatazama chini katikati ya nyayo zake. Akatutazama sisi.

"Kumbe natosha," akasema.

Daktari alikuwa ameshaanza kuuliza kama wiki inayofuata tunaweza kulazwa. Mama mkwe hakumsikia. Alikuwa anapapasa kifuani kutafuta miwani yake, machozi yanamtiririka, na mkono mwingine amemshika mwanawe kiwiko.

"Shuka," akamwambia. "Halafu panda tena, nione mwenyewe."